Msaada Usio na Bango

Ukishuka kwenye matatu pale Kiirua na kutazama huku na huku, macho yatakutana na mabango ya mikopo kabla ya kitu kingine chochote. Mkopo wa simu, mkopo wa dakika tano, mkopo wa pikipiki, mkopo wa mbolea ulipe baada ya mavuno. Mgeni angedhani huo ndio msaada wote ambao mfanyabiashara mdogo anaweza kuupata huku kwetu, yaani pesa za mtu mwingine pamoja na riba yake. Lakini mkopo una bango kwa sababu riba hulipia rangi. Afisa wa kilimo, bwana afya, mwalimu wa chuo cha ufundi na karani wa Kituo cha Huduma hawaongezewi hata shilingi moja wewe ukiwatembelea, kwa hivyo hakuna anayekuchorea mshale wa kufika kwao. Mshahara wao umeshalipwa na kodi, ikiwemo ile uliyokatwa uliponunua kibiriti. Kubisha hodi ni juu yako.

Mimi hukaanga krispi. Huku Buuri, kwenye mteremko wa Mlima Kenya unaotazama nchi kavu ya Isiolo, kiazi ndicho kila kitu. Kabeji zipo, njegere zipo, ngano ipo kwa wenye mashamba makubwa kule Timau, lakini anayetaka kumlipia mtoto karo anapanda viazi. Na anayepanda viazi anamjua dalali wa lumbesa, lile gunia lililoshonewa kilemba juu mpaka likawa kama gunia na nusu. Kanuni za mwaka 2019 zilisema gunia la viazi lisizidi kilo 50. Kanuni hizo zilifika Kiirua kwa redio, na lumbesa ikaendelea kupakiwa kwenye kenta. Nilipoanza kukaanga mwaka 2017, hesabu yangu ilikuwa rahisi. Kiazi kikikatwa vipande vyembamba, kikakaangwa na kutiwa chumvi, hakuna dalali anayeweza kukiwekea kilemba. Wateja wangu walikuwa wanafunzi, watu waliokuja kuwaona wagonjwa katika hospitali ya misheni ya Mtakatifu Teresa, na akina mama wa sokoni waliotaka kitu cha kutafuna wakisubiri gari.

Biashara ilikwenda vizuri mpaka baridi ya Julai ilipoingia. Wanaoijua baridi yetu hawahitaji kuelezwa. Krispi zikaanza kutoka kwenye karai zikiwa na rangi ya kahawia iliyoiva kupita kiasi, na ukizitafuna zinaacha uchungu nyuma ya ulimi. Kila mtu alikuwa na dawa yake. Badilisha mafuta. Badilisha karai. Jirani mmoja alisema ni jicho la mtu. Mwingine, ambaye nampenda sana, alinisukuma nichukue mkopo ninunue kikaangio cha umeme, na akajitolea kuwa mdhamini wangu.

Siku moja nilimkuta afisa wa kilimo wa wadi kwenye duka la pembejeo, akisubiri mvua ipungue. Nilikuwa na mfuko wa krispi zilizoharibika. Nilimsalimu, nikamwekea mfuko mkononi, nikamuuliza, "Mzee, hizi zina nini?"

Alitafuna moja, akatema pembeni. "Mama, mafuta yako hayana kosa. Hii ni sukari."

Nilicheka. Sikuwa nimetia sukari. Akaniuliza viazi navihifadhi wapi. Nikamwambia kwenye ghala la mbao nyuma ya nyumba, sakafu ya udongo, pahali penye ubaridi, kama mama mkwe wangu alivyohifadhi vyake siku zote. Akasema twende. Mvua ilikuwa bado inanyesha.

Alichofanya jikoni kwangu kilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Alichukua kiazi kimoja kutoka ghalani na kingine ambacho jirani alikuwa amekivuna juzi, kikiwa kimekomaa vizuri na ganda lake halichubuki ukilisugua kwa kidole gumba. Akakata vipande vitatu vya kila kimoja kwa kisu chake cha mfukoni, akavisuuza, akavipangusa kwa kitambaa na kuvitia kwenye mafuta yale yale, karai lile lile. Vya ghalani vikawa kahawia. Vya jirani vikawa manjano kama maua ya alizeti. Halafu akanieleza: kiazi kikikaa kwenye baridi kali, wanga wake hugeuka sukari, na sukari ndiyo inayoungua kwenye mafuta moto. Kiazi kilichovunwa kichanga nacho kina sukari nyingi. Akasema Shangi, aina ambayo karibu kila mtu huku hupanda kwa sababu inaiva upesi na sokoni haikatai, ni nzuri kwa mchuzi na chipsi, lakini kwa krispi wenye viwanda hupendelea Dutch Robijn, ile yenye ganda jekundu. Akaniandikia jina hilo nyuma ya risiti ya duka la pembejeo. Akaongeza kwamba mkulima akikata majani wiki mbili hivi kabla ya kuchimba, ganda hukaza na kiazi hakichubuki guniani. Na mwisho akaniambia jambo ambalo ndilo limeniokolea pesa nyingi kuliko yote: usinunue gunia kabla hujakaanga vipande vitatu.

Sikumlipa chochote. Alikunywa chai, akaondoka. Tangu kaunti zilipokabidhiwa kilimo mwaka 2013, watu kama yeye ni waajiriwa wa serikali ya kaunti, na ni wachache mno kwa wakulima walio nao. Wanaofuatwa na magari ya miradi wanawaona mara nyingi, sisi wengine tunawavizia penye mvua. Kikaangio cha umeme sikukinunua. Kingekaanga sukari ile ile, na mimi ningekuwa nalipa deni la kuikaangia.

Tangu siku hiyo nimekuwa na kanuni, nami nawaambia wanaonisikiliza na wasionisikiliza: usiende ofisi ya umma kuomba kusaidiwa. Nenda na swali moja, na ushike mkononi kitu ambacho swali lako linakihusu. Mtu akiingia ofisini na kusema "nataka kuinuliwa kibiashara," atapewa kiti, atasifiwa kwa bidii yake, kisha ataambiwa arudi wiki ijayo. Mtu akiingia na mfuko wa krispi zilizoungua, afisa anakumbuka alichosomea. Wengi wao wanapenda kazi yao kuliko tunavyodhani. Hawajaulizwa tu.

Bwana afya ni mfano mzuri zaidi, maana yeye ndiye anayeogopwa. Akionekana barabarani, vibanda vya vyakula hufungwa kimoja baada ya kingine kama watu wanaokwepa mazishi ya mwenye deni. Mimi nilimfuata kabla hajanifuata. Nilimwambia ninataka kuhamisha jiko kutoka uani hadi chumba cha mbele, na sijui atanidai nini akija kukagua. Alikuja na kipande cha chaki. Akachora ukutani mstari wa mahali vigae viishie, akachora sakafuni njia ya maji machafu, akaonyesha dirisha la kutiwa waya wa mbu na pahali pa ndoo ya kunawia mikono pasipokuwa karibu na chakula. Kila chaki ilipogusa, nilikuwa naona pesa. Lakini nilijenga mara moja. Ninawajua watu waliojenga, wakakaguliwa, wakabomoa, wakajenga tena. Vibali vyenyewe si bure: kuna cheti cha afya cha kila anayeshika chakula, na kuna leseni ya biashara ya kaunti kila mwaka. Ushauri wa chaki ndio wa bure, na ndio unaokuepusha kulipia vibali vya kitu kitakachobomolewa.

Sasa karatasi. Hapa ndipo wengi huchujwa, na hapa ndipo pana watu wanaoishi kwa kuuza vitu vya bure. Nje ya ofisi moja ya serikali, ambayo sitaitaja, kijana nadhifu aliniuzia fomu ya usajili kwa shilingi 500. Ndani, fomu hiyo hiyo ilikuwa imerundikwa mezani, imewekewa jiwe isipeperuke. Namba ya PIN ya KRA, mamlaka ya ushuru, haina malipo. Cheti cha AGPO, kile kinachowaruhusu vijana, wanawake na watu wenye ulemavu kushindania asilimia 30 ya zabuni za serikali, hakina malipo. Mwenye saiba atakutoza kwa kubonyeza, na ni haki yake, kwa sababu kompyuta ni yake na umeme ni wake, ila ujue unalipia kubonyezewa. Katika Kituo cha Huduma mjini Meru niliketishwa mbele ya karani wa kodi, binti wa umri wa kitinda mimba wangu, akanionyesha jinsi ya kujaza ritani kwenye simu yangu mwenyewe. "Shosho, bonyeza hapo," akaniambia. Mimi si shosho bado, lakini nilibonyeza. Faini ya kuchelewesha ritani kwa mtu binafsi huanzia shilingi 2,000, ambazo kwangu ni zaidi ya gunia la viazi msimu wa wingi. Na yule binti ndiye aliyenieleza kwamba kodi ya mauzo, ambayo tangu Julai 2023 ni asilimia 3, huanza kumgusa mtu ambaye mauzo yake yamezidi shilingi milioni 1 kwa mwaka. Nimewaona wanawake wakikataa kuandika hesabu zao kwa kuogopa kodi ambayo wala haiwahusu.

Nauli lazima niitaje. Msaada wa bure una bei: matatu kwenda Meru na kurudi, siku nzima karai likiwa baridi, na mara nyingine mtandao umelala ukaambiwa urudi. Ndiyo maana mimi hukusanya shida mpaka zijae mkono ndipo niende. Huwa napiga simu kwanza. Anayekwenda mjini kwa kila jambo dogo atafilisika akitafuta vya bure.

Pesa nazo zipo, sikatai, na baadhi yake ni nafuu kweli. Kikundi chetu cha akina mama kilianza kama merigorandi ya kununuliana sufuria. Baadaye tukaanza kukopeshana mezani kila mwezi, kitabu cha kumbukumbu kikawa na mihuri, na afisa wa ustawi wa jamii akatusajili. Ndipo tukaomba mkopo wa Hazina ya Uwezo, ya serikali. Masharti yake yalikuwa yanaeleweka: kikundi kiwe cha eneo bunge hilo, kiwe kimesajiliwa angalau miezi 6, kiwe na akaunti benki na kiwe kinachanga kwa mpangilio. Mkopo hauna riba. Kuna ada ya usimamizi ya asilimia 3, kuna miezi 6 ya kupumua kabla ya kuanza kulipa, na muda wa kulipa hauzidi miezi 24. Hazina ya Wanawake, iliyoanzishwa mwaka 2007, nayo haitozi riba kwa vikundi, ila ada yake ni asilimia 5.

Masharti hayo ni mazuri kuliko ya duka lolote la mikopo lenye bango. Lakini piga hesabu nami. Tulipata 100,000. Toa ada, zikabaki 97,000. Tulikuwa kumi. Kila mmoja akashika 9,700. Mwingine alinunua mbuzi, mwingine akalipa karo, na mmoja akazitumia kulipa mkopo wa simu, jambo ambalo tulilijua siku ya kulipa ilipofika na ikabidi tumchangie. Mimi nilinunua mizani ya dijitali na kichuma cha kuziba mifuko. Hapo awali nilikuwa napima kwa kiganja, na kiganja cha asubuhi si sawa na kiganja cha jioni ukiwa umechoka. Mizani ilinionyesha kwamba mifuko yangu iliyotakiwa kuwa ya gramu 30 ilikuwa inabeba mpaka 41. Nilikuwa nauza viazi vyangu kwa lumbesa ndogo ndogo, nikimlalamikia dalali wa lumbesa kubwa.

Mafunzo tuliyolazimishwa kuhudhuria kabla ya kupewa pesa yalikuwa na thamani kuliko zile 9,700, hilo nalisema bila kumung'unya. Wenzangu walisinzia. Chumba cha mkutano kilikuwa na joto na soda zilichelewa. Lakini ndipo mara ya kwanza mtu aliniambia niandike mshahara wangu mwenyewe kwenye gharama, hata kama siuchukui, na nilipouandika niligundua kwamba mifuko ya shilingi 10 niliyokuwa nawauzia wanafunzi ilikuwa inanila mimi.

Hazina ya Hasla, mkopo wa serikali wa kupitia simu, ilipozinduliwa tarehe 30 Novemba 2022, simu zililia soko zima. Mimi pia nilipewa 500. Riba yake ya asilimia 8 kwa mwaka ni ndogo, na asilimia 5 ya unachokopa huwekwa akiba, lakini unatakiwa kurudisha ndani ya siku 14. Kwa muuza mboga anayezungusha pesa kila siku, inafaa. Kwa anayetaka mashine, hapana. Simlaumu aliyeipanga hivyo, ila nawalaumu wanaowaambia vijana kwamba hiyo ni mtaji.

Zabuni niliijaribu. Cheti cha AGPO ninacho, kimewekewa fremu. Shule moja ilichukua mzigo wangu kwa sherehe, ikashukuru, ikanilipa muhula mwingine ulipokuwa unakaribia kuisha. Mfanyabiashara mdogo akimkopesha mnunuzi mkubwa, basi yeye ndiye benki, tena isiyotoza riba. Asilimia 30 ni sheria nzuri. Ingekuwa nzuri zaidi kama ingekuja na tarehe ya malipo ambayo mtu anaweza kuishika.

Mwezi Machi 2020 shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, nusu ya wateja wangu waliondoka kwa siku moja. Hapo msaada ulitoka pahali ambapo sikuutarajia. Chuo cha ufundi kipo hapa hapa Kiirua, na kilipofunguliwa tena, mwalimu wa biashara alikuwa anatafuta maduka halisi ya kuwapa wanafunzi wake wakayafanyie kazi ya darasa. Akanitumia wawili. Walikaa kwangu wakihesabu: gesi kiasi gani kwa karai moja, mafuta kiasi gani kwa kilo, maganda yanakwenda wapi. Mmoja alinitengenezea daftari lenye safu ambazo bado ninatumia. Mwingine alipiga picha za krispi na kuzituma kwa dada yake Isiolo mwenye duka, na kwa njia hiyo nikapata mteja ambaye hahitaji kengele ya mapumziko ya saa nne ili anunue. Walihitaji alama, nami nilihitaji macho mengine. Hakuna aliyempa mwenzake hela. Vyuo vya ufundi viko katika maeneo bunge mengi siku hizi, na wanafunzi wao wengi wanatakiwa kufanya mradi fulani. Sijui kwa nini maduka hayapangi foleni langoni.

Ninaposema haya kwenye kikundi, kuna dada mmoja hunipinga kila mara. Hoja yake ni kwamba ninamsafisha mtu asiyestahili: kama serikali ingetaka tujue, ingetuambia. Anataja vile vibanda vya jua kali vilivyojengwa katika maeneo bunge mengi miaka ya 2009 na 2010 kwa fedha za kuchochea uchumi, na jinsi vingi vilivyobaki na kufuli. Ana haki. Jengo bila mtu wa kujibu swali ni kuta tu. Lakini mimi nadhani hoja yake inaunga mkono yangu. Bwana wa kilimo aliyetembea kwenye mvua hakuhitaji jengo. Kama kaunti ingewatoa maafisa wake mmoja mmoja siku ya soko, wa kilimo, wa afya, wa mizani na vipimo, wa ushirika, wakakaa kwenye viti vya plastiki karibu na wauza vitunguu, isingehitaji kujenga chochote.

Kwa sasa niko kwenye safari ya alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango. Bila hiyo, duka kubwa haliwezi kuweka krispi zangu rafuni. Ada kwa wafanyabiashara wadogo ni nafuu kuliko ya viwanda vikubwa, lakini maandalizi yake ndiyo kazi. Maji ninayosuuzia viazi yanatakiwa kupimwa maabara. Mfuko unatakiwa kuandikwa jina la bidhaa, uzito, viambato, mahali ilipotengenezwa, siku ya kutengenezwa na siku ya mwisho wa kutumiwa. Vyote hivyo ninavijua isipokuwa hicho cha mwisho. Nimeweka mifuko juu ya rafu, mingine kwenye jua la dirishani, mingine gizani, kila mmoja na tarehe yake kwa kalamu ya wino mzito, na ninafungua mmoja mmoja kunusa kama mafuta yamechacha. Wiki ijayo ninaipeleka ile ya dirishani na ile ya gizani kwa mwalimu wa chakula pale chuoni, nimuulize ni kitu gani hasa kinachoiharibu kwanza, mwanga au hewa iliyobaki ndani ya mfuko.